Saratani Katika Ukoo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Kipimo cha Vinasaba



Watu wawili au watatu wa ukoo mmoja wanapougua saratani, maneno huwa mengi. Wapo wasemao ukoo umelogwa. Wapo wasemao ugonjwa umeambukizwa kwa kula chungu kimoja. Siku hizi wapo pia wauzao vipimo vya vinasaba, wakiahidi kuondoa wasiwasi wote kwa mate kidogo tu. Katika somo hili tunaeleza kipimo hicho kinaweza kusema nini, hakiwezi kusema nini, na nani katika familia anapaswa kutangulia kupimwa.

Saratani ipi hurithiwa?

Saratani nyingi hazirithiwi. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani, 5 hadi 10 hivi ndio ambao ugonjwa wao umetokana na hitilafu ya jeni waliyozaliwa nayo. Saratani ya mlango wa kizazi, inayowapata wanawake wengi nchini mwetu, husababishwa karibu kila mara na virusi vya HPV. Kinga yake ni chanjo kwa wasichana na uchunguzi wa mapema, wala si kipimo cha vinasaba.

Hata hivyo, hizo chache zipo na ni nzito. Jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, hurekebisha uharibifu ndani ya seli za mwili. Moja ikiwa na hitilafu, uwezekano wa kuugua saratani ya matiti na ya ovari huongezeka sana. Kwa wanaume huongezeka pia ule wa tezi dume. Jeni nyingine huleta hali iitwayo sindromu ya Lynch, inayoongeza saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba.

Hitilafu hizi hutoka kwa baba sawasawa na kwa mama. Mzazi mwenye hitilafu anapopata mtoto, ni kama kurusha shilingi: nusu kwa nusu. Kwa hiyo unapohesabu wagonjwa, usiwasahau shangazi zako na bibi mzaa baba.

Muone daktari ikiwa katika upande mmoja wa ukoo kuna:
- saratani ya titi au ya utumbo mpana iliyompata mtu kabla ya umri wa miaka 50;
- ndugu wawili au zaidi wenye saratani ya aina moja, au matiti pamoja na ovari;
- mwanamume aliyeugua saratani ya titi.

Nani atangulie kupimwa?

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa miaka 27 anaishi Makanyagio, mjini Mpanda. Mama yake alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 38. Mama yake mdogo yu hai, anatibiwa saratani ya ovari. Binti anataka kuuza magunia ya mpunga aliyoweka akiba ili apimwe yeye.

Ushauri wetu: atangulie mama mdogo. Mgonjwa ndiye mwenye jibu. Hitilafu ikipatikana kwake, ndugu wengine watapimwa hitilafu hiyo moja tu, na jibu lao litaeleweka: anayo au hana. Lakini binti akipimwa peke yake na kisionekane kitu, hatajua kama ameepuka hitilafu ya ukoo au kama hitilafu hiyo ipo mahali ambapo kipimo hakikutazama. Mpunga utakuwa umekwenda, na hofu imebaki. Jambo hili halifai kuahirishwa, kwa kuwa mgonjwa akiondoka, jibu huweza kuondoka naye.

Matokeo yana maana gani?

Kuwa na hitilafu si kuwa na saratani. Maana yake ni kwamba uchunguzi uanze mapema na urudiwe mara kwa mara, na daktari aeleze njia nyingine za kujikinga. Kutokuwa nayo pia si kinga kamili, kwa kuwa saratani ya kawaida bado yaweza kumpata mtu yeyote. Yapo na matokeo ya tatu: badiliko ambalo wataalamu bado hawajui maana yake. Waafrika hupata jibu hili mara nyingi zaidi, kwa sababu kumbukumbu nyingi za kisayansi zimejengwa kwa sampuli za watu wenye asili ya Ulaya. Asikatwe mtu kiungo kwa jibu la namna hii.

Tahadhari kuhusu vipimo vya mtandaoni

Mwaka 2018 Marekani iliruhusu kampuni ya 23andMe kuwauzia wateja moja kwa moja kipimo cha BRCA. Kilitazama mabadiliko 3 tu, yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki, ilhali mabadiliko yanayojulikana yanazidi 1,000. Kwa mkazi wa Karema au Inyonga, jibu la «hakuna» kutoka katika kipimo kama hicho halimwambii karibu lolote. Mwaka 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na wateja wake wakabaki wakiuliza taarifa zao zitakuwa mikononi mwa nani.

Haki zako na maswali ya kuuliza

Nchini Tanzania, matumizi ya vinasaba vya binadamu yanasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, na taarifa za vinasaba zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usitoe sampuli kabla ya kueleweshwa na kuridhia. Kisha uliza:

1. Kipimo kinatazama jeni zipi, nzima au sehemu tu?
2. Nani atanieleza matokeo ana kwa ana?
3. Sampuli yaweza kuchukuliwa Mpanda na kusafirishwa, au ni lazima nisafiri?
4. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na ushauri wa baadaye?
5. Sampuli na majibu yangu vitahifadhiwa wapi, na nani atayaona?

Asiyeweza kujibu maswali haya hastahili fedha yako.

Hatua ya kwanza haina gharama. Keti na wazee, andika nani aliugua, saratani gani, akiwa na umri gani, upande wa baba na wa mama. Ipeleke karatasi hiyo kwa daktari katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, naye atapima kama kuna haja ya kukuelekeza Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Na wakati unasubiri, uvimbe wowote usioeleweka uonwe na daktari sasa. Usingoje majibu ya vinasaba.