Mhadhiri wa Habari Ipi?

Idara ya sayansi ya habari ikitangaza nafasi ya mhadhiri, barua humiminika: za waandishi wa habari, za watu wa kompyuta, za wakutubi. Mtaalamu aliyezoea majopo ya usaili anajibu maswali ambayo wakuu wa idara na waombaji huuliza mara kwa mara.

Kwa nini tunapata waombaji wengi wasiohusika?

Neno ndilo linalowaita. Kwa Kiswahili, "habari" ni ya redioni na ni ya maktaba pia. Chuoni, sayansi ya habari huchunguza jinsi maarifa yanavyokusanywa, kupangwa, kutunzwa na kutafutwa, yawe vitabu, mafaili ya ofisi, nyaraka za kale au data. Mtangazaji wa redio akileta vyeti vyake, hana kosa; tangazo ndilo lililomkaribisha. Msiishie kwenye jina la taaluma. Semeni mtu huyo atafundisha nini: uorodheshaji wa vitabu, utunzaji wa kumbukumbu, ulinzi wa taarifa binafsi.

Tuchukue mkutubi au mtu wa kompyuta?

Taaluma hii imehama nyumba. Mwaka 1963 Chuo cha Makerere, Uganda, kilianzisha shule ya ukutubi iliyohudumia Afrika Mashariki. Leo shule hiyo iko ndani ya koleji ya kompyuta na sayansi ya habari. Kwa hiyo wote wawili ni wenyeji. Cha kuangalia ni ratiba yenu: somo gani halina mwalimu? Kama anayefundisha uorodheshaji anastaafu mwakani, kuajiri mtaalamu wa programu kwa sababu tu ndiyo mtindo wa siku hizi ni kuliua somo hilo. Kama wanafunzi wanamaliza bila kugusa hifadhidata, pengo liko upande wa pili.

Nina miaka kumi na mitano maktabani. Mbona siitwi hata kwenye usaili?

Pole, mwenzangu. Mchujo wa kwanza ni wa vyeti. Katika vyuo vikuu vya umma Tanzania, mkufunzi msaidizi hutakiwa awe na GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, na mhadhiri msaidizi 4.0 katika uzamili. Ngazi ya mhadhiri huhitaji uzamivu. Uzoefu haufidii alama. Hata hivyo, idara yenye busara humwita mtu kama wewe afundishe kwa muda au asimamie wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Huko mikono yako ina thamani kuliko cheti.

Wenye uzamivu katika fani hii ni wachache. Tufanyeje?

Kuzeni wa kwenu. Mchukueni mhitimu bora akiwa mkufunzi msaidizi, mkamsomeshe. Lakini msimbebeshe vipindi vya watu watatu huku mkimdai tasnifu. Akichoka, ataipeleka elimu yake benki au kwenye shirika la simu, ambako wanajua kumlipa mtu anayeweza kupanga data. Mkubaliane mapema: miaka mingapi ya kusoma, vipindi vingapi, na somo gani litamsubiri akirudi.

Katika usaili, tumpime vipi?

Maswali ya "tueleze kuhusu wewe" huleta majibu ya kukariri. Mpeni dakika ishirini afundishe darasa, na mpeni tatizo halisi. Mimi hutumia hili: mwanafunzi wa kilimo ameandika "mhogo" kwenye katalogi ya maktaba, kompyuta ikajibu hakuna kitu. Kitabu kipo rafuni, kimeorodheshwa kama "muhogo". Kosa ni la nani, na litatengenezwaje?

Mwombaji dhaifu humlaumu mwanafunzi. Wa wastani huenda moja kwa moja kwenye programu. Anayefaa hushughulikia katalogi na wanafunzi pia: atachagua umbo moja la neno liwe rasmi, ataunganisha nalo maumbo mengine ambayo watu huandika, kisha atawaeleza wanafunzi kwa nini kazi hiyo haiwezi kuachiwa mashine peke yake.

Akishajibu, someni tena tangazo lenu la kazi. Na ninyi mliandika "habari", kila mtu akatafuta ya kwake.