Umbile la Mwanamke na Ulimi wa Watu

 

Katika darsa yetu ya wanawake huko Kware, mtaa wa mashariki ya Nairobi uliopata jina lake kwa machimbo ya mawe, twazoea kuulizwa juu ya twahara, eda na mirathi. Wengi wa wanaohudhuria ni watu wetu wa pwani waliofuata kazi bara. Mwezi uliopita tuliulizwa jambo ambalo hatukulitazamia. Bibi mmoja, ambaye jirani zake walikuwa wakimwomba asimame kuwania uwakilishi wa wadi katika uchaguzi wa mwaka 2027, alisema kutoka nyuma ya pazia:

"Maalim, mimi nimeamua kuacha."

"Kwa nini, dada yangu?"

"Nikisimama kusema khabari ya maji na taka, watu hawasikii maji wala taka. Wanautazama mwili wangu. Juzi kijana mmoja aliuliza kwa sauti kama meza niliyopandia itanihimili, na mkutano mzima ukacheka. Walioanza kucheka, Maalim, ni wanawake wenzangu. Sasa nimenunua vidonge vya kukondesha. Je, ni halali?"

Kabla hatujafungua kinywa, mwenzake aliyeketi karibu naye alisema kwamba yeye anakula vidonge vya kunenepesha, kwa kuwa mawifi zake humwita ufito.

Hatukumjibu papo hapo, wala hatutaficha sababu. Zamani kidogo, barazani kwetu Mombasa, alipita bibi mmoja aliyekuwa akigombea kiti, naye alikuwa mnene wa mwili. Mtu akatia neno la mzaha, sote tukacheka. Hata leo hatujui bibi yule alikuwa na rai gani juu ya bandari, skuli au hospitali, maana hakuna katika sisi aliyeuliza. Basi tuliomba muda wa wiki moja, tukarejea vitabuni.

Tuliyoyapata yanamhusu Mama wa Waumini Sawda binti Zam'a, Mungu amuwie radhi. Katika Sahihi ya Bukhari, Bibi Aisha asimulia kwamba Sawda alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, ambaye hakuweza kufichika kwa anayemjua. Usiku mmoja alitoka kwa haja zake, Sayyidna Umar akamwona, akamwambia kwamba amemtambua, basi aangalie vipi anavyotoka. Umar hakukusudia dhihaka; aliyekusudia ni sitara ya nyumba ya Mtume, na ghera yake yajulikana. Lakini neno lilimwingia Sawda, akarudi nyumbani. Mtume (S.A.W.) alikuwa akila chakula cha usiku, na mfupa u mkononi mwake. Sawda akamweleza. Wahyi ukateremka wakati ule ule, na ulipoondoka mfupa bado u mkononi, naye akamwarifu kwamba wanawake wamepewa idhini ya kutoka kwa haja zao.

Tazameni jambo hili vizuri, kwani wengi wetu tumelisoma miaka mingi tukipita. Mwanamke alirudishwa nyumbani kwa sababu mwili wake waonekana; na jawabu iliyotoka mbinguni haikumwambia apungue, wala ajifungie. Ilimpa njia.

Na si mara hiyo tu. Katika Hija ya Kuaga, usiku wa Muzdalifa, Sawda aliona uzito wa mwili wake na mwendo wake wa polepole, akaomba ruhusa atangulie kwenda Mina kabla ya msongamano wa watu. Mtume akampa ruhusa. Bibi Aisha alisema baadaye kwamba lau naye angaliomba ruhusa kama ile, ingalikuwa jambo la kumfurahisha mno. Basi uzito wa mwanamke mmoja uliangaliwa katika ibada iliyo kubwa, mbele ya maelfu ya mahujaji, na hakuna aliyecheka.

Bibi Aisha mwenyewe alishindana mbio na Mtume akamshinda. Kisha alipoota nyama walishindana tena, akashindwa, na Mtume akacheka akisema kwamba hii ni kwa ile. Hicho ni kicheko cha mume na mkewe, tena juu ya mbio. Lakini siku Aisha alipomtaja mke mwenzake Safiyya kwa ufupi wake, hakuchekewa. Aliambiwa kwamba amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyabadilisha. Nasi watu wa pwani twaijua bahari ilivyo kubwa.

Aya ya kumi na moja ya Suratul Hujurat yawakataza watu kudharauliana, kisha yawataja wanawake peke yao wasiwadharau wanawake wenzao. Ndipo tulipomkumbuka yule dada aliposema ni nani walioanza kucheka. Na wanaume wasidhani wamesalimika: sahaba walipocheka miguu myembamba ya Ibn Mas'ud alipopanda mti, waliambiwa kwamba miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhud.

Ugonjwa huu haumwachi mtu kwa cheo. Mwezi wa Machi 2021 Bibi Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, alipoushika urais wa Tanzania, iliwabidi wenye shaka waambiwe naye mwenyewe kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, ingawa maumbile yake ni ya kike. Twaamini neno lile liliwafurahisha wanawake wengi. Lakini Agosti ya mwaka ule ule, Ikulu, aliwataja wanawake wanaocheza mpira kwamba baadhi yao vifua vyao ni bapa, hata mtu adhani ni wanaume, akaigusa na khabari ya kuolewa kwao. Watu wengi wakalalamika. Twalitaja kwa adabu, si kwa kumtafutia mtu aibu. Twataka kuonyesha tu kwamba hata aliyepimwa kwa maumbile yake aweza kumpima mwenziwe kwa kipimo kile kile.

Na kabla yake alikuwako Siti binti Saad, aliyetoka shamba Fumba, akaenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Wapinzani wake walimtungia maneno ya kumcheka sura yake na asili yake ya shamba. Hukumu ya nyimbo ina mlango wake, hatuufungui leo. Siti alifariki mwaka 1950, Sheikh Shaaban Robert akaandika wasifu wake, na waliomcheka sura hatuwajui hata majina.

Sasa tuje kwenye vidonge. Mwili ni amana, na kuutunza ni wajibu. Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila wanawake mia wa umri wa kuzaa, 33 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na uzito huo huweza kuleta kisukari na shinikizo la damu. Mwenye khofu hiyo na amwendee daktari, apimwe, aelezwe kwa siri na kwa huruma. Kumpigia mtu kelele mkutanini si tiba. Na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani, mara nyingi ni deksamethasoni, dawa ya uvimbe na pumu, au siproheptadini, dawa ya mwasho. Ile ya kwanza ikiliwa ovyo huvimbisha uso, hupandisha sukari na damu, na hudhoofisha mifupa. Mamake Bibi Aisha alitaka binti yake anenepe kabla ya harusi, akamlisha matango kwa tende. Huyo alitumia chakula.

Oktoba 2024, hapo hapo Nairobi, mwanamke mmoja alifariki baada ya kupasuliwa kupunguzwa mafuta. Mungu amrehemu. Twajiuliza ni maneno ya nani yaliyompeleka pale.

Wiki ya pili tuliyasoma haya darsani. Yule wa vidonge vya kunenepesha alivileta, akavikabidhi kwa dada mmoja muuguzi. Yule bibi wa kwanza bado hajaamua kama atagombea, nasi hatukumshurutisha. Alitaka tu tumwandikie khabari ya Sawda, Kiarabu juu na Kiswahili chini, akaisome mwenyewe katika kikao cha wanawake wa mtaa. Tumemwandikia.