Beki Mmoja Akitolewa

Kindu ni mji wa AS Maniema Union, timu iliyocheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/25, kundi moja na Mamelodi Sundowns, Raja na AS FAR. Katika mji wa namna hiyo kila mwenye kiti cha plastiki ni kocha. Mmoja anasema, timu ikiacha mabeki wanne ikacheza na watatu, imefungua mlango. Jirani anamjibu: viungo watakuwa watano, huo mpira utapitia wapi? Wote wawili wanahesabu watu. Sisi tuhesabu sekunde.

Upana wa uwanja wa kawaida ni mita 68. Wagawie mabeki wanne sawasawa: kila mmoja ana ukanda wa mita 17. Akisimama katikati ya ukanda wake, sehemu ya mbali kabisa anayopaswa kuiwahi ni mita 8.5.

Sasa mpinzani anapiga pasi ya mita 40 kwenda upande wa pili. Tuseme mpira unakwenda mita 20 kwa sekunde. Utafika baada ya sekunde 2. Beki hana sekunde 2 kamili. Jicho lione, ubongo uamue, mguu uanze: hapo robo sekunde imekwenda. Iliyobaki ni 1.75, na kwa muda huo mtu anayeanza kukimbia kutoka kusimama hufika kama mita 9. Basi anawahi, kwa shida.

Ondoa beki mmoja. Ukanda unakuwa karibu mita 22.7, nusu yake mita 11.3. Amepungukiwa mita 2 na kitu. Kwa mwendo aliokwisha kuupata, hizo ni kama theluthi ya sekunde. Ugomvi mzima wa vile viti una uzito huo.

Kweli, hakuna timu inayosimama kama nguzo za umeme. Mabeki husogea pamoja kuufuata mpira. Lakini wakisogea, upande wa mbali unabaki mtupu, na wa kuuziba ni beki wa pembeni aliyepanda kushambulia. Akiwa mita 30 mbele, kurudi kutamchukua zaidi ya sekunde 4. Mpira haumngoji. Hapo mbio peke yake hazisaidii. Lazima aondoke kabla pasi haijapigwa. Mpiga kasia wa Kindu anayevuka mto kutoka Kasuku kwenda Alunguli analijua hilo: anaelekeza mtumbwi juu ya pale anapotaka kufika, kwa kuwa mkondo wa mto Lualaba utamshusha. Akilenga gati yenyewe, ataipita.

Na ile theluthi ya sekunde? Sidhani inapaswa kutafutwa kwa mabeki. Itafutwe kwa mpiga pasi. Yule kiungo aliyeongezeka akimfikia, akamlazimisha kuugusa mpira mara moja zaidi kabla ya kuupiga, amekwisha kuipata, na labda zaidi. Akichelewa kumbana, akabaki katikati akinyoosha mkono kuonyesha wenzake, aliyesema mlango umefunguliwa ana haki yake.

Mwenye shaka achukue simu yenye saa ya kupima sekunde, asimame kando ya uwanja, aibonyeze pasi inapopigwa na inapopokewa. Afanye hivyo siku kavu, kisha arudi baada ya mvua, nyasi zikiwa nzito na madimbwi yakiukamata mpira njiani. Siku hiyo mabeki watatu wanaweza kutosha bila kiungo kukimbia hatua moja zaidi.