"Taja Jina Lake!" Somo Kutoka Filamu ya The Innocents



Sinema ya mtaani kwetu hapa London imeirudisha The Innocents, filamu ya mizimu ya mwaka 1961. Haina rangi, damu hakuna, lakini ukumbi mzima ulinyamaza, hata wala bisi. Aliyeiongoza ni Jack Clayton, akifuata hadithi ya Henry James ya 1898.

Kisa chenyewe: Miss Giddens, binti wa mchungaji, anaajiriwa kulea yatima wawili, Flora na Miles, kwenye jumba kubwa la shamba. Mjomba wao ana sharti moja: asisumbuliwe kwa lolote. Basi binti yuko peke yake. Anaanza kuona mwanamume juu ya mnara, halafu mwanamke aliyevaa nyeusi kando ya ziwa. Ni watumishi waliokwisha kufa. Hakuna mwingine anayekiri kuwaona.

Watu wanabishana mpaka leo: mizimu ipo kweli au imo kichwani mwake? Mimi naona hata kama ipo, dawa yake ni mbaya. Ameamua kwamba Miles atapona akilitaja jina la yule marehemu. Anambana usiku, wawili tu, bila shahidi. Mtoto analipiga kelele jina lile, anaanguka, anakufa.

Waliosoma bweni wanaijua hiyo. Nikiwa kidato cha pili kule nyumbani Tanzania, dada mmoja alianguka akilia. Dakika mbili tu wenzake wamemzunguka, mmoja kamkamata kichwa: "Wewe ni nani? Taja jina!" Matroni alipofika, ikajulikana hajala tangu jana yake.

Kanisa limeshalisemea jambo hili. Tarehe 29 Septemba 1985, Kardinali Joseph Ratzinger, akiwa mkuu wa Idara ya Mafundisho ya Imani, aliwaandikia maaskofu: asiye na idhini asiongoze mikutano ya kufukuza pepo, ile ambayo pepo anasemeshwa na kutakiwa ajitambulishe. Kanuni ya 1172 inataka padre mwenye ruhusa ya wazi ya askofu, tena mchaji, mwenye elimu, busara na maisha manyofu. Sasa we mwenyekiti wa kikundi cha sala, ruhusa hiyo umeipata wapi?

Kusali hakujakatazwa, jamani. Baba Yetu yenyewe inaomba tuokolewe na yule mwovu. Tofauti ni nani unayesema naye: Mungu, au huyo unayemdhania.

Kwa hiyo mwenzako akianguka, tawanyeni watu apate hewa, aitwe matroni. Rozari isaliwe pembeni, kwa sauti ya chini. Padre naye aitwe. Msishangae swali lake la kwanza likiwa kama mgonjwa ameshaonwa na daktari. Katekisimu, namba 1673, inadai ugonjwa utofautishwe kwanza na kazi ya mwovu.