Tea, chai, na chai nyingine

Ukifika Tukuyu ukataja chai, usishangae mtu akiuliza: ya kunywa au ya kuchuma? Sisi tuliokulia upande wa Katumba, chai kwanza ni shamba, kikapu mgongoni na foleni ya kupima majani mabichi. Kikombe baadaye.

Sasa wanachuo wenzangu, "tea" ya Kiingereza na "chai" yetu ni neno moja. Yote yametoka China, ambako huandikwa kwa alama ileile ila matamshi hutofautiana. Pwani ya Fujian ni "te". Waholanzi walibeba shehena pamoja na neno katika karne ya 17, Waingereza wakalipokea, na zamani walilitamka "tei". Kwingine China ni "cha". Hilo lilipita nchi kavu hadi Uajemi likawa "chay", likaenea India, na kwetu likaja kuwa chai. Wajerumani waliojaribu zao hili Rungwe mwanzoni mwa miaka ya 1900 walisema "Tee", lakini neno lao halikushika.

Mitaani ndiko ndugu hawa wameachana kabisa. Kijana wa Marekani akikwambia ana "tea", ana umbea wa uhakika. Wengi husema ilianza na herufi T, kifupi cha "truth", yaani ukweli. Kwetu ni kinyume! Mwaka wa kwanza nilisimulia bwenini kwamba ada yangu imetoka kwenye chai. Jamaa mmoja akadakia, "Hiyo chai!" Bweni zima likacheka. Nami nikacheka, maana kweli ilikuwa chai, kilo kwa kilo.

Maana ya tatu haichekeshi. Kiingereza hakina "tea" ya kuombea rushwa, sisi tunayo. Na limechaguliwa kwa ujanja: chai ni kitu kidogo, tena ni heshima, nani atamnyima mgeni chai? Ukikataa unaonekana mchoyo wewe, si mwizi yeye.

Mama aliwahi kufuatilia karatasi ya mdogo wangu kwenye ofisi moja, siitaji. Akaambiwa, "Mama, tuachie basi ya chai." Akauliza kwa upole, "Ya kilo ngapi, mwanangu?" Yule bwana akataja shilingi. Mama akapiga hesabu mwenyewe: majani ya wiki nzima.