KUJIANDAA KWA UZAZI WA PILI BAADA YA KUCHANIKA VIBAYA



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo akina mama wengi hulibeba kimya kimya. Mama amejifungua mtoto wa kwanza, mtoto ni mzima na anakua, lakini yeye mwenyewe alichanika vibaya siku ile. Sasa mtoto anatembea, wakwe wameanza kuulizia mtoto wa pili, na mama anaogopa. Wengine huficha habari hii hata kliniki, wakidhani kwamba wakiisema watapasuliwa moja kwa moja. Wengine hunyamaza kwa aibu, kwa sababu tangu siku ile hawawezi kuzuia hewa chafu au choo.

Somo letu ni hili: uzazi wa pili baada ya kuchanika vibaya si wa kuogopwa, bali ni wa kupangwa. Na mpango huo hauanzi siku ya uchungu. Huanza kabla ya mimba, au mara tu mimba inapojulikana, kwa kumweleza mkunga au daktari ukweli wote.

Kuchanika ni nini?

Kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa pana sehemu fupi ya ngozi na misuli iitwayo msamba. Kichwa cha mtoto kinapotoka, msamba hutanuka sana, na mara nyingine huchanika. Kuchanika huko tunakugawa katika madaraja manne:

1. Daraja la kwanza: imechanika ngozi tu.
2. Daraja la pili: imechanika ngozi pamoja na misuli ya msamba. Mkunga hushona hapo hapo leba, na kwa kawaida kidonda hupona katika wiki chache.
3. Daraja la tatu: mchaniko umefika kwenye msuli wa mviringo unaofunga njia ya haja kubwa.
4. Daraja la nne: mchaniko umepita msuli huo na kufungua utando wa ndani wa njia ya haja kubwa.

Madaraja mawili ya mwisho ndiyo tunayoyaita kuchanika vibaya. Yanatakiwa kushonwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, kwenye mwanga mzuri, mama akiwa amepewa dawa ya kutosha ya kuzuia maumivu, na mara nyingi katika chumba cha upasuaji. Wengi walioshonwa vizuri hupona. Mwongozo wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza wa mwaka 2015 unaeleza kwamba, kati ya wanawake 100 walioshonwa, 60 hadi 80 hawana dalili yoyote baada ya miezi 12.

Kwa nini ilitokea?

Kuchanika vibaya hutokea zaidi katika uzazi wa kwanza, kwa sababu njia haijawahi kutanuka. Sababu nyingine ni mtoto mkubwa wa kilo 4 au zaidi, mtoto aliyelala uso wake ukielekea mbele, mabega kukwama, kusukuma kwa muda mrefu, au mtoto kuvutwa kwa vakyumu au koleo. Mama aliyekeketwa ana hatari zaidi, kwa maana kovu halitanuki kama ngozi nzima. Mama wa namna hiyo amweleze mkunga mapema.

Yafaa ieleweke wazi: kuchanika si dalili ya uzinzi, wala si ushahidi kwamba mama alikuwa mvivu wa kusukuma. Maneno ya namna hiyo husemwa na majirani, na mara nyingine na ndugu wa mume. Humwumiza mama bure na humfanya afiche maradhi yanayotibika.

Je, nitachanika tena?

Hili ndilo swali la kwanza tunaloulizwa. Mwongozo ule ule unasema kwamba wanaochanika tena vibaya katika uzazi unaofuata ni 5 hadi 7 kati ya 100. Maana yake ni kwamba zaidi ya 90 hawachaniki hivyo tena. Njia imekwisha kutanuka mara moja, na mara nyingi uchungu wa pili ni mfupi kuliko wa kwanza.

Lakini liko swali la pili ambalo wengi hawaliulizi, nalo ni kubwa zaidi: je, msuli wangu ulipona kweli? Mama ambaye msuli wake umebaki dhaifu anaweza kujifungua bila kuchanika tena, na bado hali yake ya kutozuia choo ikazidi. Kwa hiyo mama ajichunguze mwenyewe kwa maswali haya:

(a) Je, naweza kuzuia hewa chafu ninapotaka?
(b) Je, choo hunitoka bila kujua, au nikisikia haja ni lazima nikimbie?
(c) Je, hewa au choo hupitia njia ya uzazi?
(d) Je, tendo la ndoa bado linaniumiza?

Ukijibu "ndiyo" kwa (b), (c) au (d), au "hapana" kwa (a), nenda hospitali kabla ya kubeba mimba nyingine. Jibu la "ndiyo" kwa (c) huonyesha kwamba huenda pamebaki tundu kati ya njia hizo mbili, yaani fistula. Hilo halizibwi kwa dawa za kunywa wala za kujikalisha. Hutengenezwa kwa upasuaji. Hapa Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula kwa miaka mingi bila kumtoza mgonjwa.

Kabla ya mimba ya pili

Kwanza, mwili upate nafasi. Mwaka 2005 wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani walishauri kwamba, baada ya mtoto kuzaliwa, ipite angalau miezi 24 kabla ya kujaribu kubeba mimba nyingine. Mume na mke wapange jambo hili pamoja. Wanaofuata njia za asili wajifunze vizuri kwa mwalimu wake, wala wasikisie siku.

Pili, mama afanye mazoezi ya misuli ya chini. Kaza kana kwamba unazuia hewa na mkojo kwa wakati mmoja. Hesabu taratibu hadi 5, kisha legeza na upumzike. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Ukizoea, hesabu hadi 10. Huhitaji chombo chochote. Unaweza kufanya ukiwa unachambua mchele. Endelea nayo hata ukiwa mjamzito.

Tatu, epuka choo kigumu. Kunywa maji ya kutosha, kula mboga za majani, maharage, papai na ugali wa dona. Kujikamua chooni kila siku huchosha misuli hiyo hiyo tunayotaka kuilinda.

Mimba ikishaingia

Anza kliniki mapema, kabla ya wiki 12 kwisha. Siku ya kwanza kabisa sema: "Uzazi uliopita nilichanika hadi kwenye njia ya haja kubwa." Kama una karatasi ya kuruhusiwa hospitali, ichukue. Eleza uzito wa mtoto, kama alivutwa, mahali uliposhonwa, na namna unavyojisikia sasa. Omba jambo hili liandikwe kwenye kadi yako, maana anayekupima leo siye lazima atakayekupokea usiku wa uchungu.

Ukiwa unahudhuria zahanati, omba kuandikiwa rufaa ili uonwe na daktari mapema. Daktari atakuuliza maswali na kupima nguvu ya msuli kwa kidole. Kipimo hiki ni cha muda mfupi, wala si cha kuonea aibu. Baada ya hapo mtapanga pamoja.

Kujifungua kwa njia ya kawaida kunafaa kwa mama ambaye msuli wake una nguvu na hana dalili yoyote. Lakini ajifungulie hospitali au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji na mtu anayejua kushona mchaniko mkubwa. Asijifungulie nyumbani.

Kujifungua kwa upasuaji uliopangwa huzungumzwa na mama ambaye bado hawezi kuzuia choo au hewa, na yule ambaye msuli wake umepimwa ukaonekana dhaifu. Aliyekwisha kutengenezwa fistula kwa kawaida hushauriwa apasuliwe.

Upasuaji nao una gharama zake mwilini: kupoteza damu zaidi, hatari ya kidonda kuoza, siku nyingi za kupona, na kovu kwenye mfuko wa uzazi. Kovu hilo linaweza kusababisha kondo la nyuma kujishika vibaya katika mimba zijazo. Familia inayotamani watoto wengi ilifikirie jambo hili kabla ya kuamua. Basi upasuaji usiombwe kwa hofu tu, wala usikataliwe kwa sababu mama mkwe anasema mwanamke wa kweli huzaa kwa njia ya kawaida.

Siku ya uchungu

Mkumbushe mkunga mara unapofika, hata kama imeandikwa. Haya ndiyo yanayosaidia kuulinda msamba:

1. Usinywe dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Huweza kuubana mfuko wa uzazi kupita kiasi hadi ukapasuka, na mama na mtoto wakapotea.
2. Usisukume kabla mkunga hajakuambia. Kichwa kinapochungulia, acha kusukuma, hema kwa pumzi fupi fupi, ili kitoke taratibu.
3. Kulala ubavu, kupiga magoti au kushika chini kwa mikono na magoti husaidia baadhi ya akina mama. Uliza kama inawezekana.
4. Kitambaa safi kilicholowekwa katika maji ya moto ya kuvumilika, kikiwekwa kwenye msamba wakati wa kusukuma, hupunguza kuchanika vibaya. Mkunga naye hukishika kichwa kwa mkono mmoja na kuukinga msamba kwa mwingine.
5. Kuongezewa njia si lazima kwa kila aliyechanika zamani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilishauri isifanywe kwa mazoea. Ikibidi, mkato uelekezwe pembeni, usishuke moja kwa moja kwenye njia ya haja kubwa.

Mtoto akishazaliwa, mkunga achunguze vizuri, pamoja na njia ya haja kubwa, kabla ya kusema hakuna mchaniko. Ukirudi nyumbani ukapata homa, kidonda kikatoa harufu au usaha, au choo kikapitia njia ya uzazi, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Neno kwa akina baba

Baba, mpango huu ni wako pia. Weka akiba ya nauli tangu miezi ya mwanzo, jua ni gari gani litakalopatikana usiku, na tafuta ndugu walio tayari kutoa damu. Mkiwa mbali na hospitali, mama aende mapema akakae katika nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua, au kwa ndugu aliye karibu. Baada ya uzazi mvumilie mkeo hadi atakapopona. Na akikuambia kwamba hawezi kuzuia choo, usimcheke wala usimhamishe chumba. Mpeleke hospitali.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, katika familia yetu yuko mama anayeogopa uzazi kwa sababu ya yaliyompata mara ya kwanza? Tumewahi kumwuliza anaendeleaje?
2. Hospitali yenye chumba cha upasuaji iko umbali gani kutoka kwetu, na tutafikaje usiku wakati wa mvua?
3. Ni maneno gani husemwa kwetu juu ya mama aliyechanika au aliyepasuliwa? Yapi yanamsaidia, na yapi yanamfanya anyamaze?