Mgonjwa wa Akili Naye Aulizwe



Katika somo hili tunajiuliza: je, mwenye ugonjwa wa akili anaweza kuchagua tiba yake? Wengi hujibu haraka, "Atachaguaje, na akili ndiyo inayoumwa?" Jibu hilo lina kosa la kimantiki. Linaanzia kwenye "leo hawezi kuamua jambo hili" na kurukia "hawezi kuamua jambo lolote, siku yoyote."

Tulijifunza hilo kwa aibu. Wakati wa likizo tulikwenda na wanajumuiya kumtembelea kijana mmoja, fundi cherehani, aliyeacha sindano yake ya kila mwezi. Tulimwuliza dada yake habari zake, naye akasema, "Mkaidi huyu." Kijana alikuwa amekaa pale pale, tukamzungumzia kama hayupo. Tulipokuwa tunaaga, mama mmoja akamgeukia: "Na wewe mwanangu, kwa nini uliacha?" Akanyoosha mikono. "Inanitetemesha, mama. Nashindwa hata kutunga uzi."

Tukaviona vikwazo vitatu. Kwanza, ndugu humsemea mgonjwa. Wao ndio wanaotafuta nauli na kukesha naye, hivyo huona uamuzi nao ni wao. Pili, uhaba. Zahanati ikiwa na dawa ya aina moja, uchaguzi unabaki maneno matupu. Na Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, mbali na wengi. Tatu, jina. Mtu akishaitwa kichaa, kila anachokataa huhesabiwa dalili ya ugonjwa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, aliuliza kama wenye wazimu wabatizwe. Hakuwaweka wote kapu moja. Wenye vipindi vya utulivu wanaweza kuomba ubatizo wenyewe vipindi hivyo vinapowajia. Aliyekuwa mzima kisha akapoteza akili, tuangalie alitaka nini alipokuwa mzima. Kwa Thoma, ugonjwa haufuti utashi wa mtu.

Hatusemi kwamba kila anachokataa mgonjwa kifuatwe. Kuna saa ya hatari, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua kulazwa kwa hiari na bila hiari. Tunasema aulizwe mapema, akiwa ametulia: dawa ipi inamfaa, ipi inamtesa, nani aitwe akizidiwa. Majibu yake yaandikwe, na siku ya shida yakumbukwe.

Yule kijana tulimsindikiza kliniki. Safari hii alijieleza mwenyewe, na daktari akampunguzia dozi. Dawa nyingine haikuwepo. Lakini alikubali kuendelea na tiba, kwa kuwa sasa alikuwa ameshiriki kuiamua.

Maswali ya kutafakari:
1. Tunapomtembelea mgonjwa wa akili, tunamsalimia nani kwanza?
2. Katika familia zetu, nani anajua mgonjwa wetu anataka nini?